Irving T. Bush

Irving Ter Bush (12 Julai 1869 – 21 Oktoba 1948) alikuwa mfanyabiashara wa Marekani aliyeanzisha Bush Terminal, eneo kubwa la magati, maghala na viwanda vya kupangisha huko Brooklyn, New York. Wasikilizaji wa redio wa Afrika Mashariki walilizoea jina lake pengine bila kujua lilikotoka: jengo la Bush House mjini London, ambamo Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilitangazia kwa miongo mingi, lilijengwa na kundi la wafanyabiashara aliloliongoza. Hana uhusiano na familia ya marais wawili wa Marekani wenye jina hilo.

Maisha ya awali

Bush alizaliwa katika jimbo la Michigan. Baba yake, Rufus T. Bush, alikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta Brooklyn, akakiuza kwa kampuni ya Standard Oil. Rufus alifariki mwaka 1890 na kumwachia mwanawe urithi mkubwa. Kijana huyo angeweza kuishi kwa raha bila kufanya kazi, lakini aliamua kuutumia urithi huo katika biashara ambayo wengi waliiona ya kipuuzi.

Bush Terminal

Wakati huo wafanyabiashara wengi wa New York walikuwa Manhattan, ambako nafasi ilikuwa ghali. Mzigo ulishushwa sehemu moja, ukabebwa kwa mikokoteni ya farasi hadi ghalani, kisha ukabebwa tena kwenda kwa mnunuzi. Kampuni kubwa iliweza kujijengea gati na reli yake. Mwenye kiwanda kidogo hakuweza.

Mwaka 1895 Bush alianza na maghala sita na gati moja, mahali palipokuwa na kiwanda cha baba yake. Watu walimcheka, kwa kuwa palikuwa mbali na katikati ya jiji. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa reli: mabehewa yalipaswa kuvushwa bandarini juu ya matishari, na kampuni za reli zilikataa kufanya hivyo bila kuona wateja. Bush akamtuma wakala Michigan kununua mabehewa 100 ya majani makavu ya mifugo na kutaka yapelekwe moja kwa moja kwenye gati lake. Kampuni kadhaa zilikataa, hadi Baltimore and Ohio ilipokubali, nyingine zikafuata. Ili kuonyesha kwamba meli nazo zingeweza kutia nanga hapo kwa faida, alikodi meli mwenyewe akafanya biashara ya ndizi. Kwa maneno mengine, alikuwa mteja wa kwanza wa mali yake mwenyewe, na hasara yote ingekuwa yake.

Kampuni ya Bush Terminal iliundwa mwaka 1902. Yakafuata majengo ya zege ya ghorofa nyingi, ambamo mpangaji alikodi ghorofa au sehemu tu ya ghorofa. Reli, magati, umeme, mvuke, polisi na zimamoto vilitumiwa na wote, hivyo kiwanda cha watu wachache kilipata huduma ambazo peke yake kisingeweza kuzigharimia. Kwa mwenye mali pia kulikuwa na nafuu, kwa sababu mpangaji mmoja akihama, wengine waliendelea kulipa kodi. Katika kilele chake eneo hilo lilikuwa na wafanyakazi wapatao 25,000.

Majengo mengine na miaka ya mwisho

Katika Vita Kuu ya Kwanza serikali ilichukua sehemu ya magati na maghala yake, na Bush akashiriki kusimamia bandari ya New York. Mwaka 1918 ulikamilika mnara wa Bush Tower huko Manhattan, uliokusudiwa kuwa mahali pa wenye viwanda kuonyesha bidhaa zao kwa wanunuzi. Bush House ilifunguliwa mwaka 1925 kwa wazo lilelile, lakini haikuwa kituo cha biashara alichokitarajia. BBC iliingia humo mwaka 1941 na kuhama mwaka 2012.

Wingi wa wapangaji haukutosha kuikinga kampuni na mdororo mkuu wa uchumi, kwani safari hii wengi walikwama kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1930 iliwekwa chini ya wasimamizi wa mahakama na Bush akapoteza uongozi. Alifariki New York mwaka 1948. Sehemu kubwa ya majengo yake ya Brooklyn sasa inaitwa Industry City, na bado inapangishwa kwa karakana, ofisi na biashara nyingi.