Thomas Risley Odhiambo na Swali la Mwendo wa Nzige

Miongoni mwa wanasayansi waliozaliwa Afrika Mashariki katika karne ya ishirini, Profesa Thomas Risley Odhiambo ana nafasi ya pekee. Wengi humkumbuka kama mwasisi wa taasisi kubwa za utafiti. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kazi yake ya awali ilihusu swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo mno: ni kitu gani ndani ya mwili wa mdudu kinachomfanya asitulie mahali pamoja? Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kulifuata swali hilo hadi lilikomfikisha.

Odhiambo alizaliwa mjini Mombasa tarehe 4 Februari 1931. Alisoma katika Shule ya Maseno, kisha akajiunga na Chuo cha Makerere nchini Uganda. Baada ya masomo aliajiriwa katika idara ya kilimo ya Uganda, akashughulika na wadudu waharibifu wa mimea. Kazi hiyo ilimfunza kuwa mkulima humtambua adui yake kwa hasara anayoiona shambani, ilhali mtaalamu hana budi kumtambua kwa ndani, yaani kwa jinsi mwili wa mdudu unavyofanya kazi. Kiu hiyo ndiyo iliyompeleka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alikosomea fiziolojia ya wadudu chini ya Vincent Wigglesworth, bingwa wa taaluma hiyo wakati ule. Alihitimu shahada ya uzamifu mwaka 1965.

Ili kuelewa uzito wa utafiti wake, yafaa kwanza kutazama jambo la kawaida. Mkazi wa Langas anayetoka alfajiri kwa miguu kuelekea katikati ya mji wa Eldoret hapangi kila hatua. Anawaza nauli aliyoiokoa, karo ya watoto au kibarua kinachomngoja, na miguu inaendelea kupokezana yenyewe. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kuhusu chanzo cha mpangilio huo. Je, kila hatua huchochewa na hisia zinazotokana na hatua iliyotangulia, au mfumo wa neva wenyewe unao uwezo wa kutunga mapigo?

Jibu lilianza kujitokeza kwa wanyama wadogo. Mwaka 1960, Hughes na Wiersma walichapisha utafiti kuhusu kamba wa maji baridi, wa aina ile ile iliyoletwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970. Chini ya tumbo lake kamba huyo ana jozi za vijiguu vya kuogelea. Jozi ya nyuma hutangulia kupiga maji, kisha ya mbele yake hufuata baada ya kitambo kifupi, na hivyo hivyo hadi mwanzo wa tumbo, mithili ya wapiga makasia wanaofuatana. Ilibainika kuwa mapigo hayo hutungwa ndani ya uzi wa neva wenyewe. Kila pingili ina seli zake za kutunga pigo, na seli nyingine hupeleka taarifa kutoka pingili hadi pingili ili zisigongane. Mwaka 1961 Donald Wilson alionyesha jambo linalokaribiana na hilo kwa nzige: hata taarifa za hisia kutoka kwenye mabawa zilipokatwa, neva ziliendelea kutoa mapigo ya kuruka, ingawa kwa kasi ndogo zaidi.

Odhiambo aliingia katika uwanja huu kwa mlango mwingine. Ikiwa neva hupanga mapigo, ni nini huamua kama mdudu atakuwa mchangamfu au mzito? Alichunguza nzige dume wa jangwani, akaitoa tezi ndogo iliyo karibu na ubongo wao, ambayo humwaga homoni. Nzige waliokosa tezi hiyo walipungukiwa na mwendo wa hiari na kulimbikiza mafuta mwilini. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1966, yalionyesha kuwa mwendo si kazi ya neva pekee. Homoni nazo zina usemi katika kiasi cha mwendo huo.

Alipomaliza Cambridge, Odhiambo angeweza kubaki Ulaya, palipokuwa na maabara na wenzake wa taaluma. Alirejea Kenya kufundisha katika chuo kikuu cha Nairobi, mahali ambapo utafiti wa aina yake ulikuwa haujapata mizizi. Uamuzi huo ulimletea swali zito kuliko la nzige: je, bara lenye njaa lina haki ya kutafiti tezi za mdudu? Mwaka 1967 alichapisha katika jarida la Science la Marekani makala kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Alisisitiza haja ya kujenga vituo vichache vya utafiti wa hali ya juu barani humu. Kutokana na wazo hilo, Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, ICIPE, kilianzishwa Nairobi mwaka 1970 katika majengo duni, naye akakiongoza hadi mwaka 1994.

Chini ya uongozi wake kituo kilichunguza mbung'o, kupe, mchwa na viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi, na kikajenga tawi huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1983 ulianzishwa mpango wa kuwafunza Waafrika shahada ya uzamifu katika sayansi ya wadudu. Mwaka 1985 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chuo cha Sayansi cha Afrika na rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika vita dhidi ya njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal.

Hata hivyo, mafanikio hayo hayakukosa dosari. Kituo kilitegemea kwa kiasi kikubwa fedha za wafadhili wa nje, kinyume na ndoto ya Afrika inayojigharimia sayansi yake. Aidha, maandishi yake ya kitaaluma yaliandikwa kwa Kiingereza.

Odhiambo alifariki tarehe 26 Mei 2003. Makundi ya nzige wa jangwani yalipoivamia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019 na kuendelea mwaka 2020, wananchi wengi waliuliza maswali aliyokuwa ameyashughulikia zaidi ya nusu karne kabla, na waliyauliza kwa Kiswahili. Mama anayepima mahindi kwa gorogoro katika soko la Langas hufanya biashara kwa lugha hii na majirani wa makabila mbalimbali, na hasara ya kiwavi humfikia kupitia bei ya gunia. Odhiambo aliirudisha sayansi ya wadudu nyumbani. Kuifikisha kwa mama huyo katika lugha yake ya kila siku ni deni lililobaki kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili.