Mwana wa Kisiwa Aliyechukuliwa na Bahari

Tarehe 18 Agosti ni siku ya kuzaliwa kwa marehemu Roberto Clemente, mchezaji wa besiboli wa kisiwa cha Puerto Rico. Hapa kwetu mchezo huo hauna mashabiki wengi, na huenda baadhi ya wasomaji wetu wakajiuliza kwa nini safu hii imtaje mtu wa mbali namna hiyo, aliyefariki tangu mwaka 1972. Jibu letu ni kwamba maisha ya mtu huyu, na hasa namna alivyokufa, yana mafunzo kwa kila anayeishi kisiwani na kwa kila aliyekabidhiwa dhamana ya umma. Yafaa basi tuyasimulie.

Clemente alizaliwa mwaka 1934 katika mtaa wa San Antón, mjini Carolina, akiwa wa mwisho katika watoto 7. Baba yake, Mzee Melchor, alikuwa nyapara katika mashamba ya miwa. Mama yake, Bi Luisa, alifanya kazi za mikono ili kuongeza kipato cha nyumba. Wakati huo Puerto Rico ilikuwa chini ya Marekani tangu mwaka 1898, na ingawa wenyeji walipewa uraia wa nchi hiyo mwaka 1917, kisiwa kilikuwa maskini na sukari ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wengi. Kijana huyo alikua akipiga vikopo na mipira ya kuunda kwa gongo la kuchonga, na shuleni alisifika kwa kurusha mkuki. Mkono ule uliorusha mkuki ndio uliokuja kustaajabisha viwanja vya Marekani.

Mwaka 1952 alijiunga na timu ya Santurce ya kisiwani kwake. Mwaka 1954 timu ya Brooklyn Dodgers ilimsajili kwa dola 10,000 na kumpeleka Montreal, Kanada, katika ligi ya chini. Kwa taratibu za siku hizo, mchezaji aliyelipwa kiasi hicho akiachwa katika ligi ya chini, timu nyingine iliweza kumchukua mwisho wa mwaka. Ndivyo ilivyotokea. Pittsburgh Pirates, timu iliyokuwa mkiani mwa ligi, ilimchukua kwa dola 4,000 tu. Hakuna ajuaye kama Pittsburgh imewahi kufanya biashara nyingine yenye faida kama hiyo. Clemente alianza kuichezea mwezi Aprili 1955, na hakuihama mpaka alipofariki.

Miaka ile ya mwanzo haikuwa myepesi. Alikuwa mweusi katika nchi iliyowabagua weusi, na alikuwa mgeni wa lugha katika nchi isiyosema lugha yake. Kila timu ilipokwenda jimbo la Florida kufanya mazoezi, yeye na wenzake weusi walilala mahali tofauti na wenzao weupe, na mikahawa iliyowakaribisha weupe iliwafungia mlango. Baadhi ya waandishi wa habari waliyachapa maneno yake kwa matamshi ya kumdhihaki, na wengine wakalibadili jina lake ili lifanane na la Kimarekani. Ajali ya gari ya mwaka 1954 ilimwachia maumivu ya mgongo, lakini alipolalamika kuumwa aliambiwa anajisingizia. Clemente hakuyanyamazia hayo. Alisema waziwazi kwamba anaitwa Roberto, na kwamba mtu wa Puerto Rico anastahili heshima sawa na mtu mwingine yeyote.

Uwanjani alijibu kwa kazi. Kwa misimu 18 alilinda upande wa kulia wa uwanja, na kwa miaka 12 mfululizo, kuanzia 1961 hadi 1972, alitunukiwa Glovu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora. Mara 4, yaani miaka ya 1961, 1964, 1965 na 1967, aliongoza wapigaji wote wa ligi yake. Mwaka 1966 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Timu yake ilitwaa ubingwa mwaka 1960 kwa kuishinda New York Yankees, na tena mwaka 1971 kwa kuishinda Baltimore Orioles. Katika fainali hizo mbili alicheza michezo 14, na hapakuwa na hata mmoja aliotoka bila pigo la mafanikio.

Baada ya ushindi wa mwaka 1971, mtangazaji wa televisheni alipomkabidhi kipaza sauti, Clemente aliomba kwanza aseme kwa Kihispania. Mbele ya Marekani nzima aliwaomba wazazi wake baraka, kama afanyavyo mtoto aliyelelewa. Watu wengi waliosema lugha hiyo, na ambao hawakuzoea kuisikia ikiheshimiwa hadharani, waliona kwamba ushindi ule ulikuwa wao pia.

Hakuwa mtu wa mchezo peke yake. Mwezi Aprili 1968, Martin Luther King alipouawa, Clemente alikuwa mmoja wa wachezaji wa Pittsburgh waliokataa kuanza msimu kabla marehemu hajazikwa, na ratiba ikasogezwa. Alipokuwa safarini alitembelea watoto wagonjwa hospitalini, mara nyingi bila kuita waandishi. Ndoto yake kubwa ilikuwa kujenga kisiwani kwake mji wa michezo ambapo mtoto wa maskini angejifunza bila malipo.

Tarehe 30 Septemba 1972, mjini Pittsburgh, alipata pigo lake la 3,000 katika Ligi Kuu. Kabla yake ni watu 10 tu waliokuwa wamefikia idadi hiyo katika historia yote ya mchezo huo. Pigo hilo ndilo likawa la mwisho katika msimu wa kawaida, na hesabu yake imebaki 3,000 kamili.

Mwisho wa mwaka huo aliongoza timu ya vijana wa Puerto Rico katika mashindano ya kimataifa mjini Managua, Nikaragua. Huko alifanya marafiki, na akaahidi kumsaidia kijana mmoja asiye na miguu apate miguu ya bandia. Alirudi nyumbani. Haukupita muda mrefu, tarehe 23 Desemba 1972, tetemeko la ardhi likauangusha mji wa Managua na kuua maelfu ya watu. Clemente aliacha sherehe za Krismasi na kuongoza kamati ya misaada. Alipita akichangisha fedha, alipokea vyakula na dawa, na alibeba masanduku kwa mikono yake mwenyewe.

Ndege za kwanza zilifika. Lakini habari zilizorudi San Juan zilikuwa chungu. Ilielezwa kwamba askari walio chini ya Jenerali Anastasio Somoza walikuwa wanaizuia misaada na kuigeuza mali yao, ilhali waliofukiwa na kuta na waliolala nje hawakupata kitu. Clemente aliamua kwenda mwenyewe. Aliamini kwamba mbele yake hapana askari atakayethubutu kunyoosha mkono.

Ndege iliyopatikana ilikuwa DC-7 kuukuu. Tarehe 2 Desemba 1972, siku zisizozidi 30 kabla ya safari, ilikuwa imepata ajali ikiwa ardhini na kuharibika. Siku ya tarehe 31 Desemba ilipakiwa shehena iliyozidi kipimo chake kwa karibu kilo 1,900. Baadhi ya waliokaa katika viti vya uendeshaji hawakuwa na sifa kamili za kazi hiyo. Saa tatu na dakika chache usiku, watu wakijitayarisha kuupokea mwaka mpya, ndege iliruka, injini ikashindwa, na muda mfupi baadaye ikaanguka baharini karibu na pwani. Watu wote 5 waliokuwamo walikufa. Clemente alikuwa na umri wa miaka 38, na aliacha mjane, Bi Vera, na watoto 3 wa kiume.

Kwa siku nyingi watu walisimama ufukweni wakitazama maji. Manny Sanguillén, mchezaji mwenzake kutoka Panama, hakwenda kwenye ibada ya kumwombea marehemu kwa sababu alikuwa anapiga mbizi kumtafuta. Mwili wake haukuonekana. Kisiwa kilichomzaa hakikupata hata kaburi la kuwekea maua.

Heshima zilikuja upesi. Mwaka 1973 sheria ya kungoja miaka 5 iliwekwa kando, na Clemente akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Besiboli huko Cooperstown, wa kwanza kutoka nchi za Amerika ya Kilatini. Tuzo ya kila mwaka ya mchezaji anayetumikia jamii ikapewa jina lake. Mwaka 1998 daraja moja la Pittsburgh lilibadilishwa jina kwa ukumbusho wake, na mwaka 2003 alitunukiwa nishani ya juu ya raia nchini Marekani. Mji wa michezo alioutamani ulijengwa Carolina, na vijana wengi walipitia hapo, ingawa baadaye uliingia katika miaka ya uchakavu, kwani jina kubwa peke yake haliezeki paa wala kufyeka majani.

Hayo ndiyo maisha ya mtu huyu. Sasa tuseme yale yanayotuhusu.

Ni desturi kumsifu Clemente kwa kujitoa mhanga, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumewasamehe wengine kwa urahisi mno. Mtu huyu hakuuawa na wema wake. Aliuawa na ndege mbovu, na ndege ile isingeruka kama walio na mamlaka ya kuizuia wangeizuia. Familia za waliokufa ziliishtaki serikali ya Marekani kwa sababu hiyo. Mahakama ya kwanza iliwapa haki, lakini mwaka 1977 mahakama ya rufani ilitengua hukumu kwa kuona kwamba sheria haikuwabebesha wakaguzi wajibu huo kwa wasafiri. Sheria imesema yake. Dhamiri nayo ina lake la kusema.

Aidha, Clemente asingehitaji kupanda ndege ile kama misaada ya mwanzo ingewafikia waliokusudiwa. Aliyeiba gunia moja la unga Managua hakuiba unga tu. Alimwita mtu mwema kwenye kifo chake.

Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufafanuliwa maana ya chombo kilichopakia kupita kiasi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 tulipozama na Spice Islander, tulisimama ufukweni vilevile, tukitazama maji vilevile. Tunajua kwamba chombo hakijazwi siku moja na mtu mmoja. Kinajazwa na nahodha anayenyamaza, na mwenye mali anayeharakisha, na ofisa anayetia sahihi bila kutazama, na abiria anayesema Mungu yupo. Mungu yupo, naam, lakini kipimo cha shehena nacho kipo, na kimeandikwa ili kifuatwe.

Kwa hiyo, maofisa wetu wa bandari, wa viwanja vya ndege na wa ghala za misaada, siku ya kuzaliwa kwa Roberto Clemente iwakumbushe jambo dogo. Fungeni safari isiyostahili kufungwa njia, hata kama shehena ni sadaka na msafiri ni mtu mashuhuri. Na gunia la mhitaji lifike kwa mhitaji. Mkifanya hayo, watu wema wataweza kufanya wema wao na kurudi nyumbani usiku kwa watoto wao.