Wingate, Jemadari Aliyeshuka Nyuma ya Adui

Mtu akisimama Karatu huiona milima ya Ngorongoro na msitu wake. Na tuseme adui ameushika ukingo wa shimo lile kubwa. Askari wa miguu atapanda kutoka huku chini akipigwa risasi katika kila kona ya njia. Lakini mwenye eropleni aweza kuupita ukingo na kuwateremsha watu wake ndani ya shimo, nyuma ya mgongo wa adui, na hapo adui hupigana pande mbili. Ndivyo alivyotenda Orde Wingate huko Burma.

Alizaliwa India mwaka 1903, akawa afisa wa mizinga wa Uingereza. Mwaka 1941 aliingia Ethiopia pamoja na Mfalme Haile Selassie na kikosi kidogo, huku askari wetu wa Keya wakipanda kutoka Kenya kwa njia ya Somalia. Wakubwa wengi hawakumpenda, maana alikuwa mbishi na mkali. Mwaka ule ule, mjini Cairo, akiwa na malaria na huzuni kuu, alijikata shingo, akaokolewa.

Mwaka 1943 aliingia Burma na watu 3,000 kwa miguu. Theluthi moja hivi hawakurudi. Akakata shauri kwamba safari ya pili walio wengi watapita angani.

Usiku wa tarehe 5 Machi 1944 eropleni zilikuwa tayari kukokota kwa kamba ndege zisizo na injini, zimejaa askari. Muda mfupi kabla ya kuondoka ikaletwa picha: uwanja mmoja umezibwa kwa magogo! Wote wakaelekezwa uwanja mwingine, Broadway. Kamba nyingine zilikatika, ndege nyingine zikavunjika zilipotua, na watu wakafa. Waliosalimika walisawazisha ardhi kwa tingatinga, na usiku uliofuata eropleni kubwa zikatua. Kwa muda wa wiki moja hivi watu wapatao 9,000 waliteremshwa katikati ya Wajapani.

Sifa zilimwendea yeye. Lakini katika jeshi lile walikuwamo Wagurkha na Wanigeria. Na baadaye mwaka ule vijana wa Tanganyika, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walilipita bonde la Kabaw katika matope na malaria, wakiangushiwa chakula kutoka angani, hata wakafika Kalewa mwezi wa Desemba. Mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya Mzungu wa cheo kile kile, na vitabu juu yao ni vichache.

Wingate hakuuona mwisho. Tarehe 24 Machi 1944 eropleni yake ilianguka milimani. Mabaki yake hayakuweza kutengwa na ya Wamarekani aliokufa nao, wakazikwa pamoja Arlington, Marekani, mwaka 1950.