George Eastman: Karani wa benki aliyeipa sinema mkanda wake

KATIKA fani ya utengenezaji wa filamu, kuna mjadala ambao haujapata mwamuzi hadi leo. Je, picha bora ni ile iliyonaswa kwa mkanda wa jadi au ile iliyonaswa kwa kamera ya dijitali?

Wapo wanaoapa kuwa mkanda una uhai na rangi ambazo tarakilishi haiwezi kuiga. Wapo nao wanaouona kuwa ghali, mzito na uliopitwa na wakati.

Aliyeufikisha mkanda huo viwandani na sokoni ni Mmarekani George Eastman, mwanzilishi wa kampuni ya Kodak. Hakuwa msomi wala mwanasayansi. Alikuwa karani wa benki aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 14 ili kumsaidia mama yake mjane.

Eastman alizaliwa Julai 12, 1854, katika kijiji cha Waterville, jimbo la New York. Baba yake alikuwa na chuo cha biashara katika mji wa Rochester lakini aliaga dunia mwaka wa 1862, kabla mwanawe hajatimiza miaka minane.

Msiba huo uliitumbukiza familia katika ufukara. Mama yake, Maria, alilazimika kupokea wapangaji nyumbani ili apate riziki. Mmoja wa dada zake George aliugua polio na akafariki mwaka wa 1870.

Kazi ya kwanza ya kijana huyo ilikuwa ya utarishi katika ofisi ya bima, kwa ujira wa dola tatu kwa wiki. Usiku alijifunza uhasibu na mnamo 1874 akaajiriwa kuwa karani katika benki ya akiba ya Rochester. Mshahara wake sasa ukawa dola 15 kwa wiki.

Alipokuwa na umri wa miaka 24, alipanga kusafiri hadi Santo Domingo. Mwenzake kazini alimshauri achukue kamera ili aweke kumbukumbu za safari. Eastman alinunua vifaa vyote vilivyohitajika, na hapo ndipo alipotambua jinsi kazi ya kupiga picha ilivyokuwa adha.

Enzi hizo, mpiga picha alibeba kamera kubwa, miguu yake mitatu, mabamba ya vioo, chupa za kemikali, maji na hema la giza. Bamba lilipakwa dawa papo hapo, likapigiwa picha likiwa bado bichi, kisha likasafishwa kabla halijakauka. Aliyechelewa kidogo alipoteza picha yake.

Safari ya Santo Domingo haikufanyika. Hata hivyo, Eastman alikuwa amepata swali ambalo lingemshughulisha maisha yake yote: je, kazi hii haiwezi kurahisishwa?

Katika majarida ya Uingereza alisoma kuhusu mabamba yaliyopakwa jelatini, ambayo yangeweza kutumika yakiwa makavu. Mchana alikuwa benki, na usiku alichanganya dawa katika jiko la mama yake. Inasimuliwa kuwa mara nyingine usingizi ulimpitia papo hapo jikoni, akalala na nguo zake.

Mwaka wa 1879 alivuka bahari hadi London kusajili hataza ya mashine yake ya kupaka mabamba dawa. Mwaka uliofuata alikodi orofa moja katika barabara ya State mjini Rochester na kuanza biashara. Henry Strong, aliyewahi kuwa mpangaji wa mama yake, alitia mtaji, na mnamo 1881 Eastman akaiaga benki.

Punde biashara hiyo changa iliponea chupuchupu. Wateja walilalamika kuwa mabamba waliyouziwa hayakutoa picha. Eastman aliyarejesha yote aliyoyauza na kuwapa wateja mengine, hatua iliyokaribia kumfilisi. Baada ya kuchunguza sana alibaini kuwa kasoro ilitokana na jelatini aliyouziwa. Kuanzia hapo hakukubali malighafi yoyote ambayo haijapimwa.

Lililo muhimu zaidi ni alilolifanya baadaye. Mabamba yalikuwa yakimletea faida nono, lakini Eastman aliamini kuwa kioo, kwa uzito wake na wepesi wake wa kuvunjika, hakingeweza kumfikia mwananchi wa kawaida. Akaanza kutafuta kitu cha kuiondoa sokoni bidhaa yake mwenyewe.

Alianza na karatasi iliyopakwa dawa na kuviringishwa. Kisha, mnamo 1888, akatoa kamera ndogo aliyoiita Kodak, jina alilolibuni mwenyewe kwa kuwa aliipenda herufi K. Iliuzwa kwa dola 25 ikiwa na nafasi ya picha 100. Mteja alipomaliza kupiga, aliituma kamera nzima kiwandani pamoja na dola 10, ikasafishiwa picha na kurudishwa ikiwa imejazwa upya.

Mwaka wa 1889, mkemia wake Henry Reichenbach alifanikiwa kutengeneza mkanda mwangavu wa seluloidi, mwepesi na unaokunjika. Eastman aliutaka kwa ajili ya kamera zake za picha za kawaida. Hakujua kuwa alikuwa akiifungulia mlango sanaa mpya.

Katika maabara ya mvumbuzi Thomas Edison, msaidizi wake William Dickson alikuwa akihangaika kutafuta njia ya kuzifanya picha zitembee. Kioo hakingeweza kupita mbele ya lenzi kwa kasi iliyohitajika. Mkanda wa Eastman uliweza. Dickson aliupasua kati kwa urefu wake na kuutoboa matundu pembeni, na upana aliopata wa milimita 35 ukawa kipimo cha sinema duniani kote.

Si kwamba sifa zote zilikuwa za Eastman. Mgala muue na haki yake umpe. Kasisi mmoja wa Newark, Hannibal Goodwin, alikuwa amewasilisha ombi la hataza ya mkanda wa seluloidi mwaka wa 1887, miaka miwili kabla ya Kodak kuuza wake. Alisubiri hadi 1898 ndipo akapewa haki hiyo, naye akafariki mwaka wa 1900 bila kufaidi. Kampuni iliyorithi hataza yake ilishtaki, na mnamo 1914 Kodak ikalipa dola milioni tano.

Aidha, mkanda wa kwanza ulikuwa na hatari yake. Ulitengenezwa kwa naitreti, kemikali iwakayo kwa kasi ya kutisha. Mwaka wa 1897, moto uliozuka katika maonyesho ya sinema mjini Paris uliua zaidi ya watu 120. Ilimchukua Eastman miaka mingi kusaka mkanda salama, na mwaka wa 1923 akautumia katika kamera ndogo ya milimita 16, iliyowawezesha watu wa kawaida kujirekodia sinema nyumbani.

Kufikia wakati huo alikuwa miongoni mwa mabwenyenye wa Marekani. Serikali iliwahi kuishtaki kampuni yake kwa kuhodhi soko, na mwaka wa 1915 mahakama ikaamua kwamba kweli ilivunja sheria. Lakini alikuwa pia mkarimu wa kupigiwa mfano. Mnamo 1912 alianzisha mgao wa faida kwa wafanyakazi wake.

Chuo cha teknolojia cha MIT kilipokea mamilioni ya dola kutoka kwa mfadhili aliyejiita Bwana Smith, ambaye baadaye alibainika kuwa Eastman. Alivifadhili vyuo vya Waamerika weusi vya Tuskegee na Hampton, akaanzisha shule ya muziki mjini Rochester, na kujenga kliniki za meno za watoto katika miji kama London, Paris na Roma. Hakuwahi kuoa.

Kenya pia ina nafasi katika simulizi hii. Mwaka wa 1926, akikaribia kutimiza miaka 72, Eastman alizuru Afrika Mashariki katika msafara wa kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya New York. Aliandamana na Martin na Osa Johnson, mume na mke waliokuwa wamepiga kambi kando ya Ziwa Paradise katika mlima wa Marsabit, wakirekodi maisha ya wanyamapori kwa mikanda. Eastman alikuwa mmoja wa waliowafadhili.

Katika safari hiyo mzee huyo alibeba kamera yake ndogo ya sinema. Siku moja kifaru alimjia mbio naye akiwa angali anarekodi. Aliokolewa na risasi ya mwindaji aliyemsindikiza.

Miaka yake ya mwisho ilijaa maumivu. Ugonjwa wa uti wa mgongo ulimfanya ashindwe kutembea ipasavyo. Machi 14, 1932, akiwa na umri wa miaka 77, alijitoa uhai kwa bastola nyumbani kwake Rochester, akiwaachia marafiki ujumbe mfupi kwamba kazi yake ilikuwa imekamilika.

Kampuni aliyoiacha iliendelea kutawala. Kwa miongo mingi, kutengeneza sinema kulimaanisha kununua mkanda. Futi 1,000 za milimita 35 hutosha dakika 11 hivi tu. Mwanga hugusa chembe za madini ya fedha zilizomo katika jelatini, kisha kemikali huidhihirisha picha. Zamani, mhariri alikata na kuunganisha nakala kwa mikono, ndipo mkanda asili ukakatwa kuifuata, na nakala za kuonyeshwa kumbini zikachapishwa moja baada ya nyingine.

Cha ajabu ni kuwa adui wa mkanda alizaliwa Kodak kwenyewe. Mnamo 1975, mhandisi wa kampuni hiyo, Steven Sasson, aliunda kamera ya dijitali ya kwanza ya kushikwa mkononi. Ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja hafifu kwenye kaseti. Wakuu wake hawakuiharakisha sokoni, maana faida ya mkanda ilikuwa tamu mno.

Hapo ndipo warithi walipoiacha njia ya mwasisi wao. Eastman aliwahi kuyatupa mabamba yaliyomtajirisha ili kukipisha kitu kilichorahisisha kazi zaidi. Wao walisitasita, na chelewa chelewa utapata mwana si wako. Kodak, iliyokuwa na wafanyakazi zaidi ya 145,000 mwaka wa 1988, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 19, 2012. Ilitoka katika hali hiyo mwaka uliofuata ikiwa ndogo sana.

Kwa upande wa sinema, mageuzi yalianzia kwenye uhariri. Mwaka wa 2000, filamu ya O Brother, Where Art Thou? ilipigwa kwa mkanda, kisha ikaingizwa yote katika tarakilishi ili kurekebishwa rangi. Miaka miwili baadaye, filamu ya Star Wars iliyotoka 2002 ilipigwa kwa dijitali tangu mwanzo. Kumbi nazo zikabadilisha mitambo. Mauzo ya mkanda wa sinema wa Kodak yaliporomoka kutoka futi bilioni 12.4 mwaka wa 2006 hadi takriban futi milioni 449 mwaka wa 2014.

Kwa msanii asiye na mtaji, hiyo ilikuwa neema. Watayarishaji wa Riverwood, waliochipuka katika barabara ya River Road jijini Nairobi, hawangeweza kumudu gharama ya mikanda na maabara. Kamera nyepesi za video na dijitali ndizo zilizowawezesha kusimulia hadithi zao kwa lugha zao. Wao wako karibu zaidi na ndoto ya Eastman, ya kamera ya kila mtu, kuliko walivyo mabingwa wengi wa Hollywood.

Lakini wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Mkanda ukihifadhiwa mahali penye baridi na ukavu hudumu hata miaka 100, na mwanga na lenzi vinatosha kuusoma. Faili za dijitali hazina budi kunakiliwa kila mara, kwani vifaa huharibika na programu hubadilika. Utafiti uliotolewa na Akademia ya Filamu ya Marekani mwaka wa 2007 ulionyesha kuwa kuhifadhi nakala kuu ya dijitali kuligharimu mara 11 zaidi ya kuhifadhi ya mkanda. Mtayarishaji wa Riverwood ambaye kazi yake imo katika diski moja tu ana kila sababu ya kulitafakari hilo.

Baadhi ya waelekezaji mashuhuri nao wamekataa kuuzika mkanda. Quentin Tarantino na Christopher Nolan ni miongoni mwa waliozishawishi studio kubwa ziendelee kuununua kutoka Kodak, na makubaliano yakatangazwa mwaka wa 2015. Oppenheimer, filamu ya Nolan ya mwaka wa 2023, ilipigwa kwa mkanda wa milimita 65, na Kodak ikaitengenezea mkanda maalumu wa rangi nyeusi na nyeupe. Nakala yake kubwa kabisa ya kumbini ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 17 na uzito wa kilo 270 hivi. Mnamo 2024 ilitwaa Oscar ya filamu bora na ile ya upigaji picha.

Nyumba ya Eastman mjini Rochester ni makumbusho tangu 1949, na katika hazina yake mna mikanda ya naitreti ambayo bado huonyeshwa kwa tahadhari kubwa. Majivu ya mwili wake yalizikwa katika eneo la kiwanda alichokijenga, na ni katika eneo hilo hilo ambapo Kodak ingali inatengeneza mikanda ya sinema.