Michelangelo: fundi wa kuba asiloliona

Mchumia juani hulia kivulini, ndivyo tulivyofunzwa na wazee wetu. Lakini wako waja waliochuma juani umri wao wote, na kivulini wakaja kukaa watu wengine. Mmoja wao ni Michelangelo Buonarroti, Mtaliani aliyelibunia kuba kanisa kuu la Mtakatifu Petro, Roma. Dunia yamjua kwa sanamu na picha zake. Mimi namtaja pia kama malenga mwenzangu, kwani alituachia mashairi yapatayo 300.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1475 katika kijiji cha Caprese. Alinyonyeshwa na mke wa mchonga mawe, na ukubwani alipenda kutania kwamba nyundo na patasi alizipata katika maziwa hayo. Mamake alifariki yeye akiwa na miaka 6. Babake aliona kazi ya mikono ni aibu kwa ukoo wao, akamtandika ili aiache. Kijana hakuiacha. Mwaka 1488 alitiwa chini ya mchoraji Ghirlandaio mjini Florence ili ajifunze kazi.

Kabla ya kutimiza miaka 25 alichonga, katika jiwe moja la marumaru, sanamu ya Mariamu akimpakata mwanawe Yesu aliyeteremshwa msalabani. Sanamu hiyo, iitwayo Pietà, ndiyo pekee aliyoichora jina lake. Ingali katika kanisa hilo hilo la Petro, upande wa kulia uingiapo, nyuma ya kioo, kwani mwaka 1972 mtu mmoja aliivamia kwa nyundo akaivunja mkono na pua.

Sasa na tulitazame kanisa lenyewe. Papa Julius II aliweka jiwe la msingi mwaka 1506. Fundi wa kwanza, Bramante, alikufa mwaka 1514. Raphael akashika, naye akafa mwaka 1520. Sangallo naye akafa mwaka 1546. Miaka 40 ilikuwa imepita, na katikati ya jengo palikuwa na nguzo nne kubwa mno zilizoungwa kwa matao, juu yake ni mbingu tupu.

Hapo ndipo Papa Paul III alipomwita Michelangelo, mzee wa miaka 71. Mzee alisita, akasema ujenzi si kazi yake. Mwisho alikubali, lakini mshahara wa kazi hiyo aliukataa, akitaka iwe kwa ajili ya Mungu. Akaanza kwa kubomoa sehemu aliyoijenga Sangallo, kwa kuwa ingelitia kanisa giza. Hebu fikiria chuki iliyozuka! Wasimamizi na wauza mawe waliozoea kula humo walimsengenya kwa miaka 17, mara amezeeka, mara haelewi afanyalo. Mtawala wa Florence, Cosimo de' Medici, alimwita arudi kwao apumzike kwa heshima. Hakwenda. Alichelea kwamba akigeuza kisogo tu, kazi ingeharibiwa. Chini ya mapapa watano, yeye yupo pale pale.

Aliujua umri wake. Kwa hivyo, kati ya mwaka 1558 na 1561, alitengenezesha kielelezo kikubwa cha mbao kuonyesha kuba litakavyokuwa. Kisha akauinua ukuta wa mviringo wenye madirisha 16 ambao ungelibeba. Mwenye kuja baadaye asingeweza tena kujenga jambo jingine kabisa. Alifariki tarehe 18 Februari 1564, zimebaki wiki chache atimize miaka 89. Kuba halikuwapo.

Jengo lilingoja miaka 24. Mwaka 1588 Giacomo della Porta na Domenico Fontana walianza kulipandisha kuba, na mwaka 1590 likafungwa, limechongoka kidogo kuliko lile la mbao. Ni makuba mawili, moja ndani ya jingine, na ngazi yapita kati yao. Upana wake kwa ndani ni kama mita 42, na kutoka chini hadi ncha ya msalaba ni mita 136. Msalaba huo ulisimikwa mwaka 1593, mwaka ule ule Wareno walioanza kuijenga Ngome ya Mombasa.

Waliofuata walilirefusha kanisa kwa mbele, na sasa mtu akiwa karibu na mlango halioni kuba vyema. Sharti arudi nyuma sana. Lakini ndani, mwangaza wa madirisha yale washukia madhabahu ya Papa, juu ya kaburi linaloaminiwa kuwa la Mtume Petro. Hapo husomwa misa kubwa za mwaka, na hapo wamewahi kutangazwa watakatifu.

Tarehe 18 Oktoba 1964, miaka 400 baada ya mzee huyo kufariki, Papa Paul VI aliwatangaza watakatifu, ndani ya kanisa hilo, mashahidi 22 wa Uganda, Charles Lwanga na wenziwe, vijana wa jirani zetu waliouawa kwa imani yao katika enzi ya Kabaka Mwanga. Michelangelo hakuijua Buganda, wala hakuwa na habari ya watu hao. Lakini siku hiyo majina yao yalisomwa kivulini mwa kazi aliyoikatalia ujira, na kwangu mimi huo ni ujira usio mdogo.