Sayyidna Umar na Mwanzo wa Tarehe ya Hijria

Kabla ya Uislamu, Waarabu wa Makka hawakuwa na hesabu moja ya miaka. Mtu alipoulizwa umri wake alitaja jambo kubwa lililopita, kama Mwaka wa Ndovu. Hata huku kwetu Muhoroni wako wazee wanaohesabu kwa njaa na kwa nzige. Kwa hesabu hiyo, Umar bin Khattab alizaliwa yapata miaka 13 baada ya Mwaka wa Ndovu. Aliupinga Uislamu kwa ukali, kisha akasilimu, akahamia Madina, na mwaka 634 akawa khalifa wa pili.

Dola ilipoenea Shamu na Iraki, nyaraka zilizidi. Imepokewa kwamba Abu Musa al-Ash'ari, liwali wake wa Basra, alimlalamikia kuwa barua humfikia hazina tarehe, hajui ipi imetangulia. Imepokewa pia kuwa Umar aliletewa hati ya deni la kulipwa Shaabani, akauliza ni Shaabani ya mwaka gani. Swali hilo si dogo. Sisi wenyewe tumeona hapa Muhoroni hati za kukopeshana zenye mwezi bila ya mwaka, na ndugu wakagombana kwazo.

Basi akawakusanya Masahaba. Wako waliotaka hesabu ya Warumi, wako waliotaka ya Wafursi, wengine walitaja kuzaliwa kwa Mtume (S.A.W.), wengine kufa kwake. Ikachaguliwa Hijra, na wengi husema rai hiyo ni ya Sayyidna Ali. Huo ulikuwa mwaka wa 17 (638), na wako wasemao wa 16. Hijra yenyewe ilikuwa Mfungo Sita, lakini mwaka ukaanzishwa Muharram, yaani Mfungo Nne, mahujaji wakisharejea makwao.

Hesabu hiyo ndiyo iliyofika pwani yetu. Jiwe la msikiti wa Kizimkazi, Unguja, lina mwaka 500. Wako wanaojumlisha 622 wakapata 1122, nao wamekosea, kwani mwaka wa mwezi hupungua siku 11 hivi kuliko wa jua. Jiwe lile ni la 1107. Kosa hilo ni la miaka 15, umri mzima wa yatima mpaka kubaleghe. Atakayekosea hivyo katika mirathi amemdhulumu mtu.

Sayyidna Umar alichomwa jambia akisalisha alfajiri, mwishoni mwa Mfungo Tatu mwaka wa 23 (Novemba 644). Alifariki baada ya siku chache, akazikwa karibu na Mtume (S.A.W.) na Abubakar, na wako waliopokea kuwa siku hiyo ilikuwa mosi Muharram, mwaka wa 24.