Mary Ward, mwalimu aliyefungwa na Kanisa alilolipenda

Mwaka jana nililikasirikia Kanisa, nasema ukweli. Kiongozi mmoja alinijibu mbele ya wenzangu kwamba wasichana tubaki na usafi na kwaya, kufundisha tuwaachie wavulana. Nikaacha kwenda kwenye kikundi miezi miwili. Aliyenirudisha ni mwanamke aliyefariki mwaka 1645.

Mary Ward alizaliwa 1585 huko Yorkshire, Uingereza, enzi ambazo Wakatoliki wa kule waliteswa kwa sheria. Akavuka bahari hadi Saint-Omer kutafuta utawa, na hapo yeye na wenzake wachache wakafungua shule ya wasichana. Shida ni kwamba watawa wa kike walitakiwa kuishi ndani ya kuta. Mary alitaka masista watoke, wafundishe, wajiongoze wenyewe kama Wajesuiti. Mwaka 1621 alikwenda Roma kumwomba Papa ruhusa, tena kwa miguu, jamani, akavuka hadi milima ya Alpi!

Ruhusa hiyo hakuipata. Shule zilienea mpaka Munich na Vienna, lakini mwaka 1631 Papa Urbano VIII akalifuta shirika lake, naye akafungiwa Munich, kwenye monasteri ya Waklara, kama mzushi. Akawa anawaandikia wenzake kwa maji ya limao, maandishi yasiyoonekana mpaka karatasi ipashwe moto. Halafu akaugua, akawa karibu kufa. Akaambiwa kwanza asaini karatasi iliyomfanya aonekane amekosea imani, ndipo apewe sakramenti. Yaani mtu yuko kufani, anaitamani Ekaristi, na kalamu iko mbele yake. Akakataa, kwa sababu imani hakuwahi kuiacha. Ila Kanisa nalo hakuliacha. Mie neno moja tu lilinitoa!

Aliachiliwa baada ya miezi miwili hivi, na mwishowe akafia kwao, karibu na York. Kanisa lilikuja kumtambua kuwa mwanzilishi mwaka 1909, na 2009 Papa Benedikto XVI akamtangaza Mheshimiwa. Masista wa Loreto wa Kenya, waliomsomesha Wangari Maathai kule Limuru, ni wa ukoo wake.

Nimesharudi kikundini. Jumamosi nafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Yule kiongozi bado hajanizoea, ila ufunguo wa darasa amenipa.